Mfinyanzi Aliyechimba Mfereji: Maisha ya Josiah Wedgwood

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, ambayo yaweza kuwafaa wale wanaofikiria kujitegemea kwa biashara badala ya kungojea mshahara wa mwisho wa mwezi. Sikuchagua mfalme wala jemadari. Nimemchagua mfinyanzi.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya hesabu. Kwa miaka mingi nilikagua madaftari ya maduka, ya mashine za kusaga, ya mabasi na ya vyama vya wakulima, mpaka nilipostaafu. Nimeona biashara nyingi zikizaliwa na nyingi zaidi zikifa. Kila tunapokutana wanafunzi wa zamani, ubishi ni ule ule: kwa nini huyu alifanikiwa na yule akaanguka, hali walianza pamoja? Mmoja atasema ni mtaji, wa pili atasema ni akili, na wa tatu atasema fulani kazaliwa na nyota yake. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli. Lakini maisha ya Josiah Wedgwood yananionyesha jambo jingine, nalo ni hili: alifanikiwa kwa kuwa kila alipoona kitu kinachopungua kuizunguka kazi yake, alikwenda kukitafuta, na kama hakikuwapo, alishirikiana na wenzake kukitengeneza.

KIJIJI CHA VYUNGU

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, jimbo la Staffordshire, Uingereza. Alikuwa kitindamimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mfinyanzi, na babu yake pia, na karibu ukoo mzima. Hapo Burslem palikuwa na udongo wa mfinyanzi na makaa ya mawe ya kuchomea, hivyo karibu kila familia ilikuwa na tanuri lake nyuma ya nyumba. Vyombo walivyotengeneza vilikuwa vizito na vya rangi ya kahawia au nyeusi, vya kuuzwa sokoni karibu na nyumbani. Barabara zilikuwa mashimo matupu, kwani watu walichimba udongo hata katikati ya njia.

Baba yake alifariki mwaka 1739, Josiah akiwa na umri wa miaka tisa. Masomo yake ya shule yakaishia hapo, akaingizwa katika kazi ya ukoo. Kiwanda alikirithi kaka yake mkubwa, Thomas. Urithi wa Josiah ulikuwa ahadi ya pauni 20 tu. Basi wale wanaosema kwamba mtoto wa mfinyanzi alikuta kila kitu tayari wamekosea, na wale wanaosema kwamba alianza bila kitu chochote wamekosea vilevile. Hakukuta fedha, lakini alikuta kazi. Tangu utotoni alikuwa ameshika udongo, ameona tanuri likiwashwa, amesikia watu wazima wakibishana kuhusu chombo kilichopasuka na sababu yake. Elimu ya namna hiyo haiandikwi katika cheti, ila ni mtaji.

NDUI

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili hivi, Burslem iliingiliwa na ndui. Josiah alipona, lakini ugonjwa ulimwachia goti la kulia lisilo na nguvu. Gurudumu la mfinyanzi la siku zile liliendeshwa kwa mguu. Mwaka 1744 alipofunga mkataba wa miaka mitano wa kujifunza kazi kwa kaka yake, ilikwisha kuonekana kwamba hataweza kukaa kwenye gurudumu siku nzima kama wenzake.

Ikambidi ajifunze sehemu nyingine zote za kazi: kuchanganya udongo, kutengeneza kalibu, kupaka rangi ya kung'arisha, kupanga tanuri. Mwenye gurudumu hujua gurudumu lake. Josiah akaja kuijua kazi yote tangu udongo unapofika mpaka chombo kinapotoka motoni. Sisemi kwamba ugonjwa ni baraka, maana wagonjwa wengi wa ndui walikufa. Nasema tu kwamba alipofungiwa mlango mmoja hakuketi kizingitini kulia.

Mkataba ulipokwisha, kaka yake hakukubali kumfanya mshirika. Pengine aliona kijana ana mawazo mengi mno. Josiah akaenda kwingine, na mwaka 1754 akaingia ushirika na Thomas Whieldon, ambaye wakati ule alikuwa miongoni mwa wafinyanzi hodari kabisa wa Uingereza. Vijana, angalieni hapa: kabla ya kufungua kiwanda chake mwenyewe, Josiah alikaa karibu miaka mitano kwa bwana aliyemzidi ujuzi.

DAFTARI LA MAJARIBIO

Kwa Whieldon ndiko alikoanza daftari lake la majaribio, mwaka 1759. Vyombo vya Staffordshire vilikuwa vimeanza kupoteza soko. Wanunuzi walikwisha vichoka, bei zilikuwa zinashuka, na kila mfinyanzi alijaribu kupunguza gharama kwa kupunguza ubora. Josiah aliona kwamba njia hiyo ni ya kushuka mlima. Akaamua kutafuta udongo mpya na rangi mpya.

Kila jaribio alilipa namba. Aliandika kiasi cha kila kitu alichochanganya, na mahali kipande kilipowekwa ndani ya tanuri, kisha akaandika matokeo, mazuri na mabaya. Maneno ya siri aliyaandika kwa alama ili washindani wasiyasome. Mkewe Sarah, aliyemwoa mwaka 1764, alijifunza alama hizo akawa anamsaidia katika majaribio, na rai yake kuhusu umbo la birika au mpini wa kikombe ilisikilizwa, maana yeye ndiye aliyejua linavyoshikwa mezani. Tena Sarah alitoka katika nyumba yenye mali, na mali hiyo ilisaidia kiwanda kukua. Hilo nalitaja makusudi, kwa kuwa hadithi za matajiri hupenda kumsahau mke.

Mwaka huo huo wa 1759 alikodi kiwanda kidogo Burslem akaanza kujitegemea. Baada ya majaribio mengi alipata chombo cha rangi ya malai, chepesi, laini, kinachostahimili maji ya moto, na kinachoweza kutengenezwa kwa wingi. Wakati huo Waingereza wengi zaidi na zaidi walikuwa wanakunywa chai, na kila mnywa chai alihitaji birika na vikombe. Hapo ndipo bahati ilipoingia. Lakini bahati hiyo ilipita mbele ya wafinyanzi wote wa Burslem, wala si mbele ya mmoja. Aliyekuwa na daftari lenye majibu ndiye aliyeipokea.

Mwaka 1765 nyumba ya kifalme ilitaka vyombo vya chai kwa ajili ya Malkia Charlotte. Kazi yenyewe ilikuwa ya dhahabu, ngumu, yenye hatari ya hasara. Josiah aliikubali, akaifanya vizuri, kisha akaomba ruhusa ya kuviita vyombo vyake vya rangi ya malai kwa jina la malkia. Tangu hapo mke wa mwanasheria au wa mwenye duka aliyenunua sahani za Wedgwood alijua kwamba anakula katika chombo cha namna ile ile inayoliwa jumba la kifalme.

RAFIKI WA LIVERPOOL

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1762 Josiah alikuwa safarini kwenda Liverpool akaumia tena lile goti bovu. Akalazimika kulala kitandani mjini humo kwa majuma kadhaa. Daktari aliyemtibu akamletea rafiki wa kuzungumza naye, mfanyabiashara aitwaye Thomas Bentley.

Bentley alikuwa na kila kitu alichokosa Josiah. Alikuwa amesoma, alijua lugha za kigeni, alijua watu wakubwa wanapenda nini, na alikuwa na adabu za mjini. Josiah alijua udongo na moto. Urafiki ulianza pale kitandani ukadumu miaka kumi na minane. Mwaka 1769 wakawa washirika rasmi katika vyombo vya mapambo. Bentley akahamia London kusimamia ukumbi wa mauzo, Josiah akabaki na kiwanda, na barua zikawa zinakwenda na kurudi kila juma. Bentley alimweleza wanunuzi wanasema nini, na Josiah akamweleza tanuri limetoa nini.

Katika kazi yangu ya hesabu nilikuta mara nyingi fundi hodari asiyejua kuuza, na muuzaji hodari asiye na bidhaa ya kuaminika, wakikaa mtaa mmoja bila kujuana. Nilikuta pia washirika wawili walioshirikiana kwa sababu wanafanana, wote mafundi au wote wasemaji, na biashara ikafa kwa kuwa kazi moja ilikuwa na watu wawili na nyingine haina mtu. Ushirika wa Wedgwood na Bentley ulikuwa na faida kwa sababu walitofautiana kwa ujuzi na kulingana kwa uaminifu.

BARABARA NA MFEREJI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague kichwa cha habari hii. Udongo mweupe uliohitajika kwa vyombo bora haukuwapo Burslem. Ulitoka mbali, kusini-magharibi ya nchi, katika majimbo ya Devon na Cornwall. Ulisafirishwa kwa meli, kisha kwa mashua ya mtoni, kisha kwa farasi wa mizigo juu ya zile njia za mashimo. Vyombo vilivyokamilika navyo vilirudi kwa njia hiyo hiyo, ndani ya matenga migongoni mwa farasi. Farasi akijikwaa, faida inavunjika. Na gharama ya usafiri ilikuwa kubwa kiasi kwamba chombo kizuri kingewezaje kushindana huko mbali?

Wafinyanzi wengi waliichukua hali hiyo kama mvua na jua, jambo la Mungu. Josiah hakukubali. Mwaka 1763 alikuwa mstari wa mbele katika kuliomba Bunge liruhusu kutengenezwa kwa barabara nzuri ya kulipia kutoka Burslem. Kisha akajiunga na watu waliotaka kuchimba mfereji wa maji utakaounganisha mto Trent na mto Mersey, ili mashua ziweze kwenda kutoka Staffordshire mpaka bandari za mashariki na za magharibi. Wapinzani walikuwa wengi: wenye mashua za mtoni, wenye ardhi, na hata wafanyabiashara wa miji ambayo mfereji haungepita. Josiah na Bentley waliandika vijitabu, wakahudhuria mikutano, wakasafiri London kuwashawishi wabunge.

Mwaka 1766 Bunge lilipitisha sheria, na tarehe 26 Julai mwaka huo Josiah ndiye aliyelipiga jembe la kwanza. Alichaguliwa kuwa mtunza hazina wa kampuni ya mfereji, kazi asiyolipwa mshahara. Mhandisi alikuwa James Brindley, mtu aliyesoma kidogo sana lakini mwenye kipaji cha ajabu cha kupima maji na ardhi. Mfereji ulikuwa na urefu wa maili 93, na pale Harecastle ilibidi kutoboa mlima kwa maili moja na zaidi ya nusu. Brindley alifariki mwaka 1772 kabla ya kuuona mwisho, na kazi ikakamilika mwaka 1777. Gharama ya kusafirisha tani moja ikashuka kuwa sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa mwanzo.

Josiah hakuwa malaika katika jambo hili. Alinunua mapema shamba ambalo mfereji ungepita, akajenga hapo kiwanda kipya akakiita Etruria, na mashua zikawa zinapakia mlangoni pake. Lakini mfereji haukumbeba Wedgwood peke yake. Uliwabeba washindani wake pia, ukalibeba jimbo zima, ukawa sababu mojawapo ya Staffordshire kuuza vyombo duniani kote. Alijua hilo tangu mwanzo, na hakuona kwamba faida ya jirani ni hasara yake.

Kiwanda cha Etruria kilifunguliwa tarehe 13 Juni 1769. Siku hiyo Josiah alikaa mwenyewe kwenye gurudumu akafinyanga mitungi ya mapambo, na aliyemzungushia gurudumu alikuwa Bentley. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 28 Mei 1768, mguu wa kulia ulikuwa umekatwa, maana maumivu yalimzuia kufanya kazi. Dawa ya kumlaza mtu usingizi wakati wa upasuaji haikuwapo bado duniani. Alikaa kitini, akakatwa, na baada ya majuma machache alikuwa amerudi katika shughuli zake. Tangu hapo alitembea kwa mguu wa mti.

KIZURI CHAJIUZA?

Tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nathubutu kusema kwamba Wedgwood hakuiamini. Vyombo vyake vilikuwa vizuri, na bado alivitembeza. Alipiga chapa ya jina lake chini ya kila chombo. Alifungua ukumbi London ambamo meza ziliandaliwa kana kwamba wageni wanakuja kula, na mpangilio ukabadilishwa mara kwa mara ili watu warudi kutazama. Alichapisha orodha za bidhaa na kuzitafsiri kwa lugha za nje. Alimruhusu mnunuzi asiyeridhika kurudisha bidhaa. Aliajiri wauzaji wa kusafiri.

Mwaka 1771 alifanya jambo ambalo mhasibu yeyote angelipinga. Aliwapelekea watu wakubwa wa nchi za Wajerumani vifurushi kama 1,000, kila kimoja chenye bidhaa za thamani ya pauni 20, bila ya wao kuagiza, pamoja na hati ya bei. Wengi wao walilipa, na wakaagiza zaidi. Mwaka 1774 alikamilisha kazi ya Malkia Catherine wa Urusi, vyombo 952 vilivyochorwa picha zaidi ya 1,200 za majumba na mandhari ya Uingereza. Faida ya fedha ilikuwa ndogo. Kabla ya kuvisafirisha alivionyesha London, na wakubwa wakaja kwa magari ya farasi kutafuta picha za majumba yao wenyewe. Tangazo kama lile lisingenunulika kwa fedha.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1772 mabenki mengi ya Uingereza yaliyumba, mikopo ikakauka, na wanunuzi wakatoweka. Ghala la Wedgwood lilikuwa limejaa mitungi isiyouzika na yeye alikuwa na upungufu wa fedha taslimu. Wengi wakati huo hupunguza wafanyakazi na kuomba dua. Josiah alichukua madaftari yake akaanza kuhesabu upya gharama ya kila chombo tangu mwanzo.

Aligundua mambo matatu, na kwa mtu wa kazi yangu hii ndiyo sehemu tamu ya maisha yake. Kwanza, karani wake mkuu alikuwa anamwibia. Pili, bei nyingi alizopanga hazikuwa na uhusiano na gharama halisi. Tatu, na hili ndilo kubwa, aliona kwamba ziko gharama zinazotembea daima, uwe umetengeneza vyombo vingi au vichache: kodi ya majengo, mishahara ya makarani, kutengeneza kalibu. Ukitengeneza mitungi kumi ya umbo moja, kalibu inalipwa na mitungi kumi. Ukitengeneza mia, inalipwa na mia. Siku hizi jambo hili hufundishwa darasani. Josiah alilipata mwenyewe, katikati ya hofu ya kufilisika.

Baada ya hapo alitengeneza kwa wingi zaidi maumbo machache, akashusha bei ya mitungi ambayo wakubwa walikwisha kuizoea, na kuwauzia watu wa hali ya kati. Hesabu zikaanza kupelekwa kwake kila juma. Kampuni ikapona.

NIDHAMU, NA UPANDE WAKE MCHUNGU

Isingekuwa haki kuandika sifa tupu. Kabla ya Wedgwood, mfinyanzi alifanya kazi atakavyo. Jumatatu nyingi zilipotea kwa ulevi na michezo. Etruria palikuwa na kengele ya kuwaita watu kazini, karani wa kuandika anayefika kwa wakati na anayechelewa, na faini kwa makosa. Kila mtu alipewa sehemu moja ya kazi akaizoea. Husimuliwa kwamba bwana mwenyewe alipita kati ya meza akivunja kwa mguu wake wa mti kila chombo kibovu. Mambo hayo yalileta ubora, lakini yaliwanyang'anya mafundi uhuru waliouzoea.

Kwa upande mwingine aliwajengea nyumba karibu na kiwanda, na palikuwa na chama cha kuwasaidia wagonjwa ambacho wafanyakazi walikichangia. Hata hivyo mwaka 1783, wakati chakula kilipokuwa ghali, watu wenye njaa waliiteka mashua ya chakula papo hapo Etruria, kwenye ule mfereji alioupigania. Askari waliitwa, na mtu mmoja alinyongwa. Wedgwood aliandika kijitabu cha kuwaonya vijana wa eneo hilo wasifuate fujo. Ukikisoma leo huoni kama aliielewa sana njaa yao. Mfereji ulileta mashua, lakini chakula kilichomo kiliwapita wasio na fedha.

MEDALI YA MTUMWA

Bentley alifariki mwaka 1780, na Josiah hakumpata tena rafiki kama yule. Aliendelea na sayansi. Alibuni kipimo cha joto la tanuri, na mwaka 1783 chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, Royal Society, kikampokea kuwa mwanachama, yeye aliyeacha shule akiwa na miaka tisa. Alikuwa rafiki wa James Watt wa mashine za mvuke na wa wataalamu wengine waliokutana katika kikundi kilichoitwa Lunar Society.

Lakini kazi yake inayotugusa zaidi sisi wa Afrika ni ndogo kuliko kiganja cha mkono. Mwaka 1787 kiliundwa London chama cha kupinga biashara ya watumwa, naye akawa katika kamati yake. Kiwanda chake kikatengeneza medali ya udongo yenye sura ya mtu mweusi amepiga magoti, amefungwa minyororo, ameinua mikono, na maneno yaliyouliza kama yeye si binadamu na ndugu. Aliitoa bure, kwa gharama yake. Mwaka 1788 alimpelekea Benjamin Franklin nyingine kule Philadelphia. Wanawake waliivaa kama pambo la nywele na la bangili, na shauri la utumwa likaingia katika nyumba ambazo hotuba hazikuwahi kuingia.

Waweza kusema, na wengi wamesema kwa haki, kwamba sura ile inamwonyesha Mwafrika akiomba tu, wala si akijikomboa, hali waliotumwa walipigania uhuru wao wenyewe mara nyingi. Na sukari iliyotiwa katika vikombe vya Wedgwood ilitoka katika mashamba ya watumwa. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo alitumia ufundi wake, jina lake na njia zake za kuuza kwa jambo lisilomletea senti. Hakuishi kuiona Uingereza ikipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, wala soko la watumwa la Unguja likifungwa mwaka 1873.

Josiah Wedgwood alifariki tarehe 3 Januari 1795, akiwa na umri wa miaka 64. Yule mtoto wa ahadi ya pauni 20 aliacha mali ya pauni kama 500,000. Binti yake Susannah ndiye mama wa Charles Darwin, mwanasayansi. Kampuni iliendelea karne baada ya karne, mpaka mwaka 2009 ikashindwa kulipa madeni, na tangu mwaka 2015 imo mikononi mwa kampuni ya Kifini. Hakuna daftari linalojiandika lenyewe baada ya mwenyewe kuondoka.

TUNALOWEZA KUFANYA

Basi ni nini kilichomfanikisha? Bidii alikuwa nayo, lakini bidii walikuwa nayo wafinyanzi wengi wa Burslem waliokufa maskini. Ukipanga mambo yake kama mizania, utakuta upande mmoja vile alivyokuwa navyo yeye: ujuzi wa kazi, uvumilivu wa kujaribu na kuandika, na ujasiri wa kukubali hesabu mbaya. Upande wa pili utakuta vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuwa navyo peke yake: bwana wa kumfundisha, mke mwenye busara na mali, mshirika anayejua soko, barabara, mfereji, Bunge linalosikiliza, na wanunuzi wenye uwezo. Mizania hulingana pande zote mbili zikijaa.

Kwenu vijana, nawaombeni mjaze ule upande wa kwanza mkiwa bado hapa shuleni. Daftari la majaribio halihitaji mtaji. Anayefuga kuku watatu na kuandika kila siku wamekula nini na wametaga mangapi amekwisha kuanza.

Kwetu sisi tuliomaliza zamani, upande wa pili ndio wetu. Miongoni mwetu wako wahandisi, wanasheria, maofisa wa benki, wenye maduka, madiwani. Tukikutana tunachanga kwa ajili ya chakula cha jioni na kupaka rangi madarasa, na hayo ni mema. Lakini kijana wa shule hii anayeanza karakana ya useremala anahitaji zaidi mtu wa kumjulisha kwa mnunuzi wa kwanza, wa kumwonyesha jinsi ya kupanga bei, na wa kusimama naye anapodai barabara itengenezwe. Napendekeza katika mkutano wetu ujao kila mmoja aandike jina lake, kazi yake na siku moja katika mwezi atakayoweza kumpokea kijana mmoja. Orodha hiyo iwekwe kwa mwalimu mkuu. Mimi nitaandika la kwanza, upande wa hesabu.